Nani Aongezewe Mafuta, Nani Apunguziwe?

"Sasa mnataka nipikie nini?"

Mwenye swali ni mama lishe wa Ilala, na ndilo lililofungua mjadala. Redioni amesikia kwamba mafuta ya kuganda yanaziba mishipa ya moyo. Jirani kamwambia mawese ni sumu. Mteja wake mmoja, kijana wa ofisini, siku hizi hagusi wali wala chapati, lakini anaagiza mayai manne ya kukaanga na parachichi zima, eti mafuta ndiyo dawa. Kliniki nako, alipompeleka mjukuu kupimwa uzito, akaambiwa uji wa mtoto uongezwe mafuta. Huyu anasema punguza, yule anasema ongeza, na anayeshika mwiko ni yeye.

Waliokaa kumjibu ni wanne: daktari wa moyo, afisa lishe aliyezunguka vijiji vya Singida na Manyara, mwalimu mstaafu kutoka Pangani, na kijana huyohuyo wa mayai manne. Majina yao hayana kazi hapa, maana ni watu wa kutungwa kwa ajili ya meza hii, na kila mtaa una wa kwao. Ushahidi walioushika, huo si wa kutungwa. Tabu ni kwamba kila mmoja ameshika kipande na kukiita kizima.

Daktari alitangulia. "Mama, mimi naanza na wanaoletwa kwangu," akasema. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Takriban robo yao walikutwa na shinikizo la juu la damu, na waliozidi uzito walikuwa karibu idadi hiyohiyo. Miaka mitatu baadaye nchi ikawa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. "Zamani tulisema moyo ni ugonjwa wa Wazungu. Nani anasema hivyo leo?"

Hoja yake ya kitaalamu ni fupi. Yapo mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayopenda kuganda: siagi, samli, mafuta ya ng'ombe, ya nazi, na karibu nusu ya mawese. Hayo huongeza lehemu mbaya, yaani kolesteroli mbaya, katika damu. Lehemu hujipenyeza kwenye kuta za ateri, kuta zinanenepa, njia inabana, na siku ukuta ukipasuka damu inaganda palepale. Mshipa ukiwa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ukiwa wa ubongo, ni kiharusi. Mafuta yasiyoganda, kama ya alizeti, ufuta, karanga, zeituni na samaki, yakikaa mahali pa yale ya kwanza, lehemu mbaya inashuka.

Kisha akasimulia habari ya Finland, ambayo madaktari wa moyo hawachoki kuisimulia. Katika miaka ya 1960, wanaume wa mashariki mwa nchi hiyo walikuwa miongoni mwa waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo duniani kote. Hawakuwa watu wa vitambi. Walikuwa wakata miti na wafugaji, watu wa shoka na theluji. Lakini mkate wao ulipakwa siagi nene, maziwa yalinywewa na malai yake yote, mboga zilikuwa haba, na sigara haikutoka mdomoni. Mwaka 1972 ukaanzishwa mradi katika jimbo la North Karelia, ukiongozwa na Pekka Puska, daktari ambaye hakuwa hata ametimiza miaka thelathini. Hakuishia kubandika mabango. Vyama vya akina mama vilifanya mikutano ya mapishi, mchuzi uleule wa kienyeji ukapikwa kwa mafuta machache na mboga nyingi, na wakulima waliotegemea maziwa wakasaidiwa kulima matunda madogo ya huko. Siagi ikapisha mafuta ya mbegu. Baada ya miongo minne hivi, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi katika jimbo hilo vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

"Sigara nazo walipunguza," kijana akadakia.

"Walipunguza," Daktari akakiri. "Na shinikizo la damu likatibiwa. Lakini wachambuzi wa mradi waliona kushuka kwa lehemu ndiko kulikobeba sehemu kubwa."

Kijana hakuridhika. Ni msomaji, na ana kawaida ya wasomaji wa simu: anajua mwaka wa kila utafiti uliomfurahisha. Akamkumbusha Daktari utafiti maarufu wa nchi saba ulioanza mwaka 1958 chini ya Mmarekani Ancel Keys, ambao ndio ulioyapa mafuta jina baya. Humohumo, akasema, kuna Krete. Wanaume wa kisiwa hicho cha Ugiriki walipata karibu asilimia 40 ya nishati ya chakula chao kutoka kwenye mafuta, wingi unaokaribiana na wa Wafini, na bado vifo vyao vya moyo vilikuwa vichache kuliko karibu kila mahali palipopimwa.

"Mafuta ya zeituni," Daktari akajibu.

"Mafuta ni mafuta."

"Hapana, mdogo wangu. Hapo ndipo unapopotea. Krete inakuonyesha kwamba aina inashinda wingi. Hiyo ni hoja yangu mimi, si yako."

Kijana alikuwa na karata nyingine, nayo ni ya hapahapa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alikuja Tanganyika kuwapima Wamaasai. Alitazama wanaume wapatao 400. Chakula chao kilikuwa maziwa, nyama na wakati mwingine damu. Kwa kipimo cha kitabu chochote cha wakati ule, watu hawa walistahili kuanguka malishoni mmoja baada ya mwingine. Mann alikuta lehemu yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo hazipo, au ni chache mno. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1964, na tangu hapo hakuna mtetezi wa mafuta asiyemtaja Mmaasai.

"Samli, maziwa, nyama ya mbuzi," kijana akahesabu kwa vidole. "Wanga hakuna. Sasa Daktari, mishipa yao ilizibwa na nini?"

Jibu la swali hilo ni zuri kuliko mashabiki wa pande zote mbili wanavyopenda, kwa sababu linawaudhi wote. Mann alirudi. Mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa ya Wamaasai 50 waliofariki. Alikuta ateri zao zina utando wa mafuta, na kuta za mishipa ya moyo zimenenepa kama za wazee wa Kimarekani. Kwa hiyo mafuta yalikuwa yamefanya kazi yake. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka jinsi umri ulivyokwenda, njia ya damu ikabaki wazi, na alama za shambulio la moyo hazikuonekana. Mann aliamini kilichowakinga ni miguu yao.

Afisa lishe, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, ndiye aliyelileta jambo hili karibu na Ilala. Zaidi ya miaka arobaini baada ya Mann, watafiti waliwapima tena Watanzania karibu 1,000: Wamaasai, Wabantu wa vijijini na Wabantu wa mjini. Kwa Wamaasai wengi chakula kilikuwa mafuta mengi na wanga kidogo. Vijijini kilikuwa wanga mwingi na mafuta kidogo. Mjini kilikuwa vyote viwili kwa wingi. Wamaasai, kwa kutembea na kuchunga, walitumia kilokalori 2,565 kwa siku juu ya zile ambazo mwili unatumia ukiwa umetulia. Wa vijijini walitumia 1,500. Wa mjini, 891.

"Wewe, mdogo wangu, unatoka kitini unaingia kwenye daladala, unatoka kwenye daladala unaingia kitini," akamwambia kijana. "Unakula kama moran na kukaa kama karani."

Kijana alicheka, ila Daktari hakumwacha afisa lishe apite bila swali. Kama kazi ya mwili ndiyo kinga, akauliza, mbona wakata miti wa Finland walikufa? Nao walifanya kazi hadi jasho likagandia shingoni. Meza ikatulia kidogo, na mwandishi anaona hilo ndilo swali lililo bora katika jioni nzima. Wafini walivuta sigara. Walikula chumvi nyingi. Maziwa ya ng'ombe wao yalifuatana na mkate, na juu ya mkate siagi. Mmaasai wa mwaka 1964 hakuwa na pakiti ya sigara wala kilo ya sukari dukani. Ukimchukulia samli yake peke yake, ukaacha miguu, ukaacha sukari asiyoitumia, umechukua kitu kingine kabisa.

Daktari akaongeza ushahidi unaoelekea hukohuko. Mwaka 2020 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio 15 ambamo watu walipunguza mafuta yaliyoshiba kwa miaka miwili au zaidi. Matukio ya moyo na kiharusi yalipungua kwa takriban asilimia 17. Faida ilionekana zaidi pale mafuta hayo yalipopishwa na mafuta yasiyoganda. Vifo kwa jumla havikubadilika sana, na hilo alilisema bila kulificha. Anayeacha siagi akaishia kwenye mikate myeupe na biskuti hana cha kumringia mtu.

"Na mimi ninayeacha ugali?" kijana akauliza.

"Mlo wa mafuta mengi na wanga kiduchu ulianza kama tiba," afisa lishe akasema. "Mwaka 1921, Kliniki ya Mayo huko Marekani, kwa wagonjwa wa kifafa. Hadi leo unawasaidia watoto ambao dawa zimeshindwa, wakiwa chini ya uangalizi. Wewe kifafa unacho?"

Hana. Alichonacho ni kitambi kilichopungua, na hilo si jambo dogo. Hata Daktari alikiri kwamba kijana kupunguza soda na maandazi kumemfaa, ila akamtaka apime lehemu kabla ya kuendelea kusifu samli.

Mwalimu alisubiri vijana wamalize. Ni mtu wa Pangani, na kwake mjadala wa mafuta bila nazi ni kelele tu. "Mimi nina miaka sabini na kitu, wanangu. Nimelelewa kwa tui. Baba yangu alilelewa kwa tui. Mnaniambia mafuta ya nazi yameshiba kwa asilimia ngapi?"

"Zaidi ya 80, Mwalimu," Daktari akajibu. "Yanapita hata siagi."

"Na visiwa vya Tokelau huvijui?"

Mwalimu huyu kumbe amejiandaa. Tokelau na Pukapuka ni visiwa vya bahari ya Pasifiki ambavyo daktari Ian Prior wa New Zealand alivichunguza, na mwaka 1981 yeye na wenzake wakachapisha matokeo. Pukapuka, nazi ilitoa asilimia 34 ya nishati ya chakula. Tokelau, asilimia 63. Yaani zaidi ya nusu ya nishati yao ilitoka kwenye nazi. Magonjwa ya moyo yalikuwa adimu katika visiwa vyote viwili.

Daktari anautambua utafiti huo, na alimjibu kwa adabu ya kijana mbele ya mzee. "Kweli kabisa, shikamoo yako iko palepale. Lakini Mwalimu, walipopima damu, lehemu ya watu wa Tokelau ilikuwa juu kuliko ya Pukapuka, kama tunavyotarajia. Nazi ilipandisha. Sema chakula chao kingine kilikuwa samaki na matunda, sukari kidogo, chumvi kidogo. Waliohamia New Zealand wakala mkate, nyama na sukari, afya yao ikabadilika."

Mwalimu akaona heri aeleze upishi wenyewe, maana alihisi wenzake wanazungumzia nazi ya maabara. Kwao Pangani nazi moja ilitosha chungu cha watu saba au wanane. Inakunwa kwa mbuzi, inatiwa maji vuguvugu, inakamuliwa kwa kifumbu: linatoka tui zito, linawekwa kando. Chicha inarudiwa maji mara ya pili na ya tatu, linatoka tui jepesi, na hilo jepesi ndilo linalochemsha samaki, maharage au mchele hadi viive. Tui zito linamiminwa mwishoni, mpishi anakoroga polepole lisikatike, chungu kinaipuliwa. Nyama ya nazi iliyokomaa ni mafuta kwa theluthi moja hivi, na sehemu ya mafuta hayo inabaki kwenye chicha wanayopewa kuku. Kinachofika sahani ya mtu mmoja ni kijiko kimoja au viwili vya mafuta, pamoja na kibua au dagaa, mboga ya majani na embe.

"Hapo sina ugomvi," Daktari akasema. "Ugomvi wangu ni sahani ya leo. Wali wa nazi, kuku wa kukaanga juu yake, sambusa mbili pembeni, soda ya kuteremshia. Nazi imebaki ileile ila haina tena wenzake wa zamani."

Mwandishi yuko upande wa Mwalimu kuhusu chungu na upande wa Daktari kuhusu chupa. Mafuta ya nazi yanayouzwa siku hizi kwenye vichupa vya bei mbaya, yakisifiwa kuwa yanateketeza unene na kusafisha mishipa, hayana uhusiano na tui jepesi la Pangani. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza wazi kwamba yanapandisha lehemu mbaya. Kuyanywa kwa kijiko asubuhi ni mtindo tu.

Vibua na dagaa aliowataja Mwalimu walipita haraka mno mezani. Samaki hao wadogo wana mafuta ya omega-3, ambayo mwili wa binadamu unayatengeneza kwa uchache sana na ambayo ubongo na macho ya mtoto huyahitaji tangu tumboni. Watu wenye uwezo wanayanunua famasi kwenye vidonge vya njano, huku dagaa wakiuzwa kwa fungu nje ya mlango.

Mama lishe alikuwa amesikiliza Finland, Krete na Tokelau. Sasa akataka warudi kwenye karai.

Karai lake ni la chipsi na sambusa, na mafuta yake ni ya kupima, ya dumu. Kila asubuhi anaongeza mapya juu ya ya jana. Anajua yamechoka kwa dalili tatu: yanageuka kahawia kama chai ya rangi, yanatoa povu dogodogo ambalo halizimiki hata viazi vikishatolewa, na yanafuka moshi kabla hayajapata moto wa kutosha. Chini ya karai kuna masizi ya unga na vipande vilivyoungua. "Nikimwaga kila siku, nitafunga banda," akasema.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea, na afisa lishe alilieleza taratibu. Mafuta ya alizeti ni rafiki wa moyo kwa sababu molekuli zake zina nafasi nyingi ambazo hazijashiba. Nafasi hizohizo ndizo oksijeni inazozishambulia karai likiwa motoni saa nyingi. Yanavunjika, yanatengeneza kemikali kali zenye harufu ya kuwasha pua. Mawese yaliyosafishwa, kwa kuwa yameshiba karibu nusu, yanastahimili moto wa mfululizo kuliko alizeti. Kwa hiyo yale yanayofaa kuungia mchicha si lazima yawe yanayofaa kukaangia chipsi kutwa nzima.

"Kumbe mawese si sumu?"

"Si sumu, mama. Mawese mekundu ya Kigoma yana karotini, na mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Yakisafishwa yakawa meupe, rangi inaondoka na vitamini inaondoka. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2011 zinataka viwanda vyetu virudishe vitamini A kwenye mafuta ya kula. Sasa wewe ukinunua ya kupima, yakakaa kwenye chupa nyeupe juani, mwanga unaila tena."

Daktari hakupenda mawese yasifiwe sana, na wakabishana kidogo. Kwa afisa lishe, karai linalotumika siku nzima lina madhara yake ya haraka, na mawese ndiyo nafuu. Kwa Daktari, nafuu hiyo inalipwa kwenye ateri miaka ishirini baadaye, na jibu ni kukaanga kidogo: chipsi ziwe za Ijumaa, viazi vingine vichemshwe. Mama lishe alimtazama mtu anayeamini kwamba wateja wa Ilala watanunua viazi vya kuchemsha mchana, akanyamaza.

Walipokubaliana, walikubaliana juu ya adui mmoja tu. Mwaka 1902 mkemia Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kugeuza mafuta ya maji kuwa ya kuganda, kwa kuyapitishia gesi ya haidrojeni pamoja na nikeli. Mwaka 1911 mafuta ya namna hiyo yakaingia sokoni Marekani kwa jina la Crisco, yakitokana na mbegu za pamba. Yalikuwa rahisi, hayaozi upesi, na biskuti zake zilikatika vizuri. Haidrojeni ikitiwa nusunusu, sehemu ya mafuta inabadilika umbo na kuwa mafuta ya transi. Kwa miongo mingi watu waliambiwa yana heri kuliko siagi.

Mtu mmoja hakuamini. Fred Kummerow wa Chuo Kikuu cha Illinois aliandika mwaka 1957 kwamba ameyakuta mafuta ya transi katika miili ya watu waliokufa kwa maradhi ya moyo. Hakusikilizwa. Mwaka 1990 Waholanzi Ronald Mensink na Martijn Katan walionyesha kwamba mafuta hayo yanapandisha lehemu mbaya na papo hapo yanashusha ile nzuri, uovu ambao hata siagi haina. Denmark ikaweka kikomo cha gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta mwaka 2003. Kummerow, akiwa na umri wa karibu miaka 99, aliishtaki mamlaka ya chakula na dawa ya nchi yake mwaka 2013 kwa kukalia ombi lake. Mwaka 2015 mamlaka hiyo ikatoa uamuzi wa kuyaondoa. Alifariki mwaka 2017, akiwa na miaka 102. Afrika Kusini ilikuwa imeshaweka sheria yake mwaka 2011, na Nigeria ikafuata mwaka 2023.

"Kwa hiyo nikiona mafuta yameganda nisinunue?" mama lishe akauliza.

Si hivyo. Mengi yanayouzwa yakiwa yameganda leo ni mawese tu. Kinachotafutwa kwenye kibandiko ni kama yametiwa haidrojeni, na kibandiko hicho hakifiki kwa mnunuzi wa mafuta ya kupima. Daktari aliona hapo mzigo ni wa viwanda na wa wanaoandika viwango, wala si wa mwenye banda.

Ilibaki habari ya mjukuu, na afisa lishe alikuwa ameisubiri muda wote.

"Ninyi mnazungumzia watu waliozidi," akasema. "Mimi nimekaa na waliopungukiwa." Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana udumavu. Sababu ni nyingi: maradhi ya kuhara, protini haba, kulishwa mara chache. Mafuta ni mojawapo, nayo husahaulika. Maziwa ya mama hutoa karibu nusu ya nishati yake kwa mafuta. Mtoto akifika miezi sita anaanzishiwa uji wa mahindi ambao mafuta hauna karibu kabisa. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba kama robo lita. Likijazwa uji mwepesi, limejaa maji. Gramu moja ya wanga ina kilokalori 4. Ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja kinaweza kufanya kile ambacho bakuli la pili lingefanya, na bakuli la pili mtoto hawezi kulimaliza.

Vitamini A, D, E na K nazo haziingii mwilini vizuri bila mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi unampa mtoto rangi ya kijani chooni. Mchicha uliotiwa karanga au tui unampa vitamini. Hata chakula dawa cha watoto wenye utapiamlo mkali, kile kilichobuniwa na Mfaransa André Briend miaka ya 1990, ni karanga za kusaga, mafuta, maziwa ya unga, sukari, vitamini na madini. Pakiti ya gramu 92 ina kilokalori 500, na zaidi ya nusu ya nishati hiyo inatoka kwenye mafuta.

"Sasa hapo ndipo tunapokosea," akaendelea. "Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi asilimia 30 ya nishati kwa mafuta, na yaliyoshiba yasizidi 10. Watu wanabandika hiyo asilimia 30 ukutani kliniki, anaisoma mama wa Mkalama ambaye nyumbani kwake lita moja ya mafuta inamaliza mwezi. Yeye hajafika hata 15."

Daktari hakuwa na la kupinga. Wagonjwa wake hawatoki kwenye nyumba hiyo.

"Basi mjukuu nimtilie karanga," mama lishe akasema. "Lakini dada, karanga zipi? Za sokoni nusu zina ukungu."

Ni swali la haki. Karanga zilizohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na kwa miaka mingi huharibu ini polepole. Afisa lishe akamwelekeza: anunue zenye ganda, azibangue mwenyewe, azichambue juu ya ungo mchana kweupe. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitupwe, wala wasipewe kuku. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo yote. Zikishasagwa, kijiko kimoja kwenye bakuli la uji kinatosha kuanzia.

Kwa karai mambo hayakwisha kirahisi hivyo. Afisa lishe alimtaka aache kuongeza mapya juu ya machakavu, achuje masizi kwa kitambaa kila jioni, afunike, na abadilishe yote yakianza kutoa povu. Mama lishe akapiga hesabu kwa sauti: dumu litakwisha mapema, sahani ya chipsi itapanda, na banda la jirani halitapandisha. Mwalimu akauliza kama hakuna kipimo, maana rangi kila mtu anaiona anavyotaka. Kipo, Daktari akasema. Ujerumani mafuta ya kukaangia yakifika asilimia 24 ya mabaki yaliyovunjika hayaruhusiwi tena, na kuna vijikaratasi vya kuchovya kwenye mafuta vinavyogeuka rangi yakichakaa.

"Nileteeni kimoja," mama lishe akasema, "nikichovye mbele ya wateja, langu na la jirani. Halafu ndiyo tuzungumze bei ya chipsi."